Nimemaliza ile kozi ya Jumamosi sita pale Upanga, hii ndo tathmini yangu

Kuna watu kama wanne wamenifuata pembeni kuniuliza kama ile kozi inafaa kulipia au ni hela ya bure, nikaona badala ya kujibu mmoja mmoja niandike hapa mara moja. Ni ndefu kidogo mnivumilie.

Kwanza yenyewe ni nini. Ni kozi fupi, Jumamosi sita, saa tatu asubuhi mpaka saa saba mchana, kwenye jengo moja la zamani Upanga, ghorofa ya tatu. Ada laki na themanini, unaweza kulipa mara mbili kwa simu, na risiti wanakupa bila kuombwa. Mada ni moja tu: nchi ikijitoa kwenye umoja wa nchi, inabaki inadaiwa nini, na inamdai nani. Mwalimu ni mzee mstaafu, mwanasheria, jina lake siliweki kwa sababu hapendi mambo ya mitandaoni, ila ukienda utamjua, ana sauti ya taratibu na hakai kiti dakika tano.

Mimi ni mtu wa kliaringi, natoa mizigo bandarini mwaka wa kumi na moja sasa, kwa hiyo nilienda nikitegemea mambo ya ushuru na forodha tu. Niliyoyakuta ni mapana zaidi ya hapo na mengine yamenigusa nyumbani kabisa.

Kilichonifanya nimwamini huyu mzee ni kwamba hakuanza na Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya. Siku ya kwanza tumekaa watu ishirini na mbili, projekta imewashwa, kila mtu anajua sasa inakuja ramani ya Uingereza, yeye akaizima akauliza nani hapa ana mzazi au ndugu aliyefanya kazi Jumuiya ya Afrika Mashariki ile ya kwanza. Mikono saba ikapanda na wangu ukiwemo. Baba yangu mkubwa alikuwa fundi wa kreni kwenye shirika la bandari la Jumuiya, lile ambalo makao yake makuu yalikuwa hapa hapa Dar. Reli na ndege makao yalikuwa Nairobi, posta na simu Kampala, bandari sisi, na sekretarieti Arusha. Baba mkubwa alitunza bahasha moja ya kaki yenye karatasi zake za mshahara mpaka anafariki, haikutoka chini ya godoro, na sisi watoto tulikuwa tunaona ni mazoea ya uzee tu yani. Jumamosi ile ndo nimeelewa alikuwa anatunza nini.

Mzee akatupeleka taratibu. Mkataba ulisainiwa Kampala Juni 1967 ukaanza kazi Desemba mosi mwaka ule ule. Miaka kumi baadaye, 1977, hakuna kitu. Shirika la ndege limekufa mwanzoni mwa mwaka, Februari mpaka wetu na Kenya ukafungwa na haukufunguliwa mpaka Novemba 1983. Hapakuwa na mtu aliyekaa chini kwanza akasema jamani kabla hatujaachana tuhesabu. Kila nchi ilibaki na kilichokutwa kwenye ardhi yake, mabehewa yaliyokuwa huku yakabaki huku, ndege zilizokuwa kule zikabaki kule, na madeni ya nje ya yale mashirika yakabaki yananing'inia na wakopeshaji wanataka chao.

Ndo akaletwa msuluhishi, Victor Umbricht, mwanadiplomasia wa Uswisi, kwa msaada wa Benki ya Dunia. Huyu mtu na timu yake walifanya kazi ya kuthamini mali moja moja na kupanga nani abebe nini, na mkataba wa kugawana ukaja kusainiwa Arusha tarehe 14 Mei 1984, miaka saba baada ya kuvunjika! Kenya asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26. Na kwa kuwa Uganda ilikutwa na mali kidogo ardhini kwake kuliko fungu lake, wenzake wawili wakatakiwa kuifidia. Pensheni ikaamuliwa kila nchi ilipe raia wake.

Hapo kwenye pensheni mwalimu alisimama muda mrefu na mimi nilimshukuru. Alisema ukisoma habari za nchi kujitoa utaona watu wanabishana mabilioni ila ndani ya yale mabilioni kuna fundi, kuna karani, kuna mama aliyekuwa anapokea simu, na hao ndo huwa wa mwisho kukumbukwa. Wazee wetu wa Jumuiya hapa Tanzania walifika mpaka Mahakama Kuu, na 2005 ndo wakafikia hati ya makubaliano na serikali. Hesabu mwenyewe, 1977 mpaka 2005. Mle darasani palikuwa kimya.

Jumamosi ya pili na ya tatu ndo Uingereza. Tarehe mnazijua, kura ya maoni 23 Juni 2016, barua ya kujitoa ikapelekwa 29 Machi 2017, wakatoka rasmi 31 Januari 2020, kisha kipindi cha mpito mpaka 31 Desemba 2020. Ile ibara ya 50 ya mkataba wa Ulaya inayoruhusu nchi kutoka inatoa miaka miwili ya kuzungumza lakini kuhusu hela haisemi neno. Ndo ugomvi ulipoanzia. Kamati ya bunge lao la mabwana, yani lile baraza la juu, ilitoa ripoti Machi 2017 ikasema kisheria, wakitoka bila makubaliano, Umoja hauwezi kuwalazimisha kulipa kwa sheria za Ulaya. Upande wa pili wanasema hapana, yaliyoahidiwa na nchi 28 yalipwe na nchi 28. Kuna pia mkataba wa Vienna kuhusu mikataba, ibara ya 70, kwamba mkataba ukiisha haufuti wajibu uliozaliwa kabla haujaisha. Julai 2017 Boris Johnson akiwa waziri wa mambo ya nje akasema bungeni kwao kwamba Umoja kama unataka hela nyingi kupita kiasi ukapige miluzi, yani usahau, na Michel Barnier aliyekuwa anaongoza mazungumzo upande wa Ulaya akajibu kwamba miluzi yeye haisikii, anasikia saa inagonga tu. Miezi miwili baadaye Theresa May, waziri mkuu wao wakati ule, akaenda kuhutubia Florence akasema Uingereza itaheshimu iliyoyaahidi ikiwa mwanachama, na Desemba 8 mwaka ule ule wakakubaliana namna ya kuhesabu.

Namna ya kuhesabu, hilo neno mwalimu alilirudia sana. Hawakukubaliana kiasi, walikubaliana kanuni. Ndo maana ukiuliza Uingereza ililipa bei gani kutoka unapewa namba tofauti tofauti, mwanzoni serikali yao ilisema pauni bilioni 35 mpaka 39, Julai 2022 hazina yao wakakadiria bilioni 42.5, na wanalipa kwa yuro kwa hiyo pauni ikishuka wao wanaumia.

Ndani kuna mafungu. La kwanza ni michango ya bajeti ya 2019 na 2020 kama vile bado wamo. La pili ndo kubwa na gumu kuelewa, mwalimu analiita viporo, na mimi nimeshindwa kupata neno zuri zaidi ya hilo. Umoja wa Ulaya unapitisha mradi leo, barabara, utafiti, mkulima, ila hela inatoka miaka mitatu minne mbele kadiri kazi inavyokwenda. Kwa hiyo siku Uingereza inafunga mlango kulikuwa na miradi chungu nzima iliyopitishwa na mkono wa Uingereza ukiwa juu, ila haijalipiwa. Alitupa mfano wa kikoba: wanachama ishirini wamepitisha kwenye daftari kujenga vibanda vya kupangisha, fundi kashachimba msingi, dada mmoja anasema mimi natoka mwezi huu nahamia Mwanza. Saini yake ipo kwenye daftari. Anadaiwa?

Watu walibishana mle ndani hatari. Kaka mmoja wa benki akasema hadaiwi kwa sababu kodi ya vibanda hataila. Mama mmoja ambaye ni mweka hazina wa kikoba kweli kweli huko Mbagala akasimama, akasema mwanangu fundi hakuhesabu watu watakaokula kodi, alihesabu saini. Mwalimu akacheka akasema huo ndo msimamo wa Brussels, makao ya Umoja wa Ulaya, mmeumaliza kwa dakika tano. Mimi niko upande wa yule mama. Ila nakubali kaka wa benki ana hoja kwenye mali, na hiyo ikaja Jumamosi iliyofuata, kwenye Benki ya Uwekezaji ya Ulaya: Uingereza inarudishiwa mtaji wake iliolipa taslimu, yuro bilioni 3.5, kwa mafungu 12, kumi na moja ya milioni 300 kila moja na la mwisho dogo, lakini faida iliyolimbikizwa miaka yote haipati hata senti. Hapo mi naona walipunjwa, na nilisema darasani. Kama unabeba viporo basi ubebe na faida. Mwalimu hakunipinga, alisema tu ndo walivyosaini.

Fungu jingine ni pensheni za watumishi wa Umoja. Hizi hazikulipwa kwa mkupuo, Uingereza inalipa sehemu yake kila mwaka kadiri wastaafu wanavyolipwa, na makadirio yanakwenda mpaka miaka ya 2060. Kuna kijana sa hivi hajaoa ambaye atakuwa babu bado inalipwa. Nikaifikiria ile bahasha ya kaki.

Na kuna jambo watu wengi hapa hawalijui, mfuko wa maendeleo wa Ulaya, ule ambao umetoa hela nyingi kwa nchi za Afrika, Karibi na Pasifiki na sisi tukiwemo. Kwenye mkataba wa kujitoa Uingereza ilikubali kubaki kwenye mfuko huo mpaka awamu ya kumi na moja ifungwe. Kwa hiyo deni lao la kutoka lilikuwa linatuhusu mpaka sisi, mradi ulioanza huku usikatike katikati kwa sababu kura ilipigwa kule.

Sasa Jumamosi ya nne. Kama una uwezo wa kwenda siku moja tu, nenda ya nne. Hii ilikuwa ya forodha na mwalimu alishaanza kuniita dada wa bandarini, kila akifika sehemu ya mizigo ananiangalia.

Kisa chenyewe ni nguo na viatu kutoka China. Kati ya 2011 na 2017 makontena yalikuwa yanaingia Uingereza yakiwa na bei zilizotangazwa chini mno, bei ambazo mtu yeyote anayejua kitambaa anaona hazilipi hata pamba yake, na mizigo mingi ikitoka pale inasambaa nchi nyingine za Ulaya. Anayefanya kazi kama yangu hahitaji kuelezwa zaidi, thamani ikitangazwa ndogo ushuru unakuwa mdogo, nimeona kwa macho wateja wanakuja na invoisi mbili, moja ya kuonyesha na moja ya ukweli, na ukikataa wanakwenda ofisi ya jirani. Kwa Ulaya ushuru wa forodha ni mali ya Umoja, nchi iliyokusanya wakati ule ilikuwa inabaki na asilimia 25 mpaka 2013, na 20 kuanzia 2014, kama gharama, na iliyobaki inakwenda mfuko wa pamoja. Kwa hiyo Uingereza kutobana pale mlangoni ilikuwa inawapunja wenzake wote. Wachunguzi wa udanganyifu wa Umoja waliibua hilo, 2019 Kamisheni, yani watendaji wa Umoja, ikaishtaki Uingereza mahakamani, na hukumu ikatoka 8 Machi 2022. Angalia tarehe hiyo. Nchi imeshatoka miaka miwili iliyopita, ila mkataba wa kujitoa ulisema kesi zilizokwisha funguliwa zitaendelea mpaka mwisho, na Uingereza ilishindwa sehemu kubwa ya kesi ikalipa pamoja na riba, zaidi ya pauni bilioni 2.

Nilitoka pale nikapanda mwendokasi kurudi Kimara nimesimama njia nzima nawaza hiyo kitu. Sisi tuna himaya moja ya forodha Afrika Mashariki, mzigo wa Uganda unaoshukia Dar unatakiwa kulipiwa ushuru kule kabla haujatoka getini huku, maana yake kosa la nchi moja tayari linaingia mfukoni kwa nchi nyingine. Vijana wangu ofisini Jumatatu niliwakalisha chini nikawaelezea kisa chote kwa sababu naamini wanatakiwa kujua kwamba namba wanayoandika kwenye kile kisanduku cha thamani inaweza kumfuata mtu miaka kumi.

Ya tano ilikuwa ya mkataba wetu mpya wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ule uliosainiwa Arusha 30 Novemba 1999 na kuanza 7 Julai 2000. Ibara ya 145 inasema nchi ikitaka kutoka bunge lake lipitishe kwa theluthi mbili ya wabunge wote, itoe notisi ya maandishi ya miezi 12, na ndani ya miezi hiyo inaendelea kuwajibika, na hata ikishatoka inabaki na ahadi za muda mrefu ilizoingia ikiwa mwanachama. Ukiisoma baada ya kusikia habari za 1977 unajua kabisa walioiandika walikuwa wanakumbuka. Mtu mmoja akauliza kuhusu sisi kutoka COMESA, soko la pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika, mwaka 2000, mwingine akauliza Mali, Burkina Faso na Niger waliotoka ECOWAS, jumuiya ya uchumi ya Afrika Magharibi, Januari 2025, muda ukawa hautoshi na hapa ndo malalamiko yangu yanaanzia.

Muda. Masaa manne yanaonekana mengi ila wanaanza saa tatu na nusu kila mara kwa sababu ya kusubiri waliochelewa, sisi tuliowahi tunakaa. Mapumziko ya chai yaliyoandikwa dakika ishirini yanakuwa arobaini. Nilihesabu, kwa wiki sita tumepoteza kama masaa matano, hiyo ni zaidi ya Jumamosi nzima tuliyolipia. Niliwaambia walioandaa kwa heshima na nawaambia tena hapa, anzeni kwa saa.

Makaratasi. Fotokopi za mkataba wa kujitoa wa Uingereza zilikuwa hafifu, kurasa nyingine maandishi yamekatika pembeni, na sehemu ya tano ndo ya fedha, ibara ya 133 mpaka 157, ndo hiyo hiyo iliyokatika. Alafu kila kitu kiko kwa Kiingereza. Mwalimu anafundisha Kiswahili kizuri mno ila karatasi haifanani na mdomo wake, na yule mama wa Mbagala aliyekuwa anaelewa kuliko wengi wetu alikuwa anaziweka pembeni tu. Kurasa kumi za Kiswahili zingetosha kabisa na nimejitolea kusaidia kuchapa.

Joto. Kiyoyozi kimoja, kinavuja maji kwenye ndoo, feni mbili. Februari pale ndani ni kazi. Kaeni upande wa dirisha la kushoto, upepo wa baharini unafika.

Chai ni nzuri, sina la kusema, maandazi ya moto na wiki ya tatu walileta vitumbua. Imo ndani ya ada.

Bei je? Laki na themanini si hela ndogo kwa mtu wa mshahara wa kawaida, ni elfu thelathini kwa siku. Mimi nasema inastahili, nimewahi kulipia semina za siku moja mara mbili ya hiyo nikatoka na begi na kalamu. Ila ukienda ukitegemea cheti cha kuweka kwenye CV utasikitika, wanatoa karatasi ya kuhudhuria tu. Natoa nyota nne kati ya tano, ya tano nimeizuia kwa ajili ya muda na fotokopi.

Kitu cha mwisho ni ngazi. Jengo halina lifti, ghorofa ya tatu kwa ngazi nyembamba, na hili nalisemea mtu. Baada ya Jumamosi ya sita nilipita Temeke kwa mama mkubwa, mjane wa yule baba mkubwa wa kreni, nikamwelezea habari za Umbricht na asilimia 42, 32 na 26. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, kwa hiyo huyo mzungu alizihesabu na kreni? Nikamwambia ndiyo mama, mali za bandari zilikuwa kwenye hesabu. Akakaa kimya, akaingia ndani, akatoka na ile bahasha, akasema darasa likianza tena nimpeleke, anataka huyo mwalimu azione karatasi. Walioandaa nimeshawaandikia kuwaomba awamu ijayo watafute chumba cha chini, magoti yake hayapandi ngazi zile. Bado nasubiri jibu.